Popi anatetemeka, sisi tunacheka

SWALI

Shikamoo Shangazi,

Nasoma safu yako siku nyingi na sikuwahi kufikiri nitakuandikia, tena kwa ajili ya mbwa. Naomba usinione mtu wa mambo madogo. Jambo hili limeingia ndani ya ndoa yangu, na sasa mimi na mume wangu tunaongea kwa mkato tu.

Nina mtoto mmoja wa kiume, ana miaka saba. Mwaka jana baba yangu alifariki. Alikuwa akiishi peke yake na mbwa wake, Popi, aliyemlea tangu akiwa mdogo wa kubebwa kiganjani. Baada ya maziko tulikaa ndugu tukagawana majukumu, nikasema Popi nitamchukua mimi. Sasa ana miaka tisa. Nilikuja naye pamoja na redio ndogo ya baba, maana kila jioni walikuwa wakikaa hivyo: baba kwenye kiti, Popi ubavuni pake, redio inaongea.

Miezi ya mwanzo hatukuona shida yoyote. Mwanangu alimpenda mno. Kisha, miezi minne iliyopita, mtoto alishikwa na pumu vibaya akalazwa siku mbili. Mume wangu ndiye aliyekesha naye. Daktari alitushauri tupunguze vumbi ndani, na wiki hiyohiyo mume wangu akanunua mashine ya kufyonza vumbi. Akafunga pia king'ora cha moshi darini kwenye korido, kwa kuwa alishaingiwa na hofu ya kila kitu kinachohusu pumzi ya mtoto.

Siku mashine ilipowashwa mara ya kwanza, Popi alirudi nyuma mpaka akagonga ukuta. Akabweka, akairukia, akakimbia, akairukia tena. Akawa anapiga miayo na kulamba midomo kama aliyekula kitu kinachonata, na mdomo wake umevutwa nyuma kama anayetabasamu. Mume wangu akachukua video. Ilichekesha, Shangazi, sitakudanganya. Nami nilicheka. Video ikaingia kwenye kundi la familia, watu wakacheka wiki nzima. Tangu hapo ukawa mchezo: wageni wakija, mashine inawashwa kidogo ili waone.

Sasa hakuna kinachochekesha. Mlango wa kabati la mashine ukifunguliwa tu, Popi anaingia chini ya kitanda cha mtoto na anaweza kukaa huko saa mbili baada ya kazi kuisha. Juzi nilipenyeza mkono kumgusa nikakuta sakafu imelowa mate na moyo wake unakwenda mbio. Usiku nao ni taabu. Anazungukazunguka, anahema, hataki kupita koridoni hata kwenda kunywa maji, wakati mashine imezimwa na iko kabatini. Blenda ikiwashwa anatoka jikoni. Draya ya nywele ndiyo usiseme. Hata king'ora chenyewe siku hizi kina hitilafu, kinatoa mlio mmoja mfupi halafu kimya, lakini hicho sisi tumeshakizoea na kiko juu, hakuna aliyepata nafasi ya kukishughulikia. Hata kochini hapandi tena kama zamani. Nadhani ametununia.

Wiki mbili zilizopita mwanangu aliingia chini ya kitanda kumvuta kwa mkanda wa shingoni. Popi akanguruma na kumtolea meno. Hakumng'ata, lakini mume wangu aliona. Amenipa mambo mawili nichague: Popi afungwe kamba karibu na mashine inayowaka, kila siku, mpaka azoee, au aende kwa kaka yangu. Anasema mimi ndiye niliyemharibu, kwa sababu akitetemeka namkumbatia, na kwamba ukimbembeleza mwoga unamlipa kwa woga wake.

Nikimtoa, naona kama namzika baba mara ya pili. Nikimbakiza, siku akimng'ata mtoto nitamjibu nini baba yake? Naomba unisaidie. Simwelewi mume wangu, alikuwa mtu wa huruma sana.

Mwenye Popi

JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kufiwa na baba, na pole kwa ugonjwa wa mtoto. Wala usiombe radhi kwa kuandika kuhusu mbwa. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimemwona Popi mahali papya.

Nikikuelewa vizuri, una mizigo miwili na umeifunga kwa kamba moja. Upo woga wa Popi, ambao umekua kutoka kubweka mpaka kujificha mpaka kutoa meno. Na upo mpasuko kati yako na mwenzako juu ya nini kifanyike. Nitaanza na Popi, kwa sababu nadhani kuna jambo katika barua yako ambalo umeliandika bila kulitazama.

Unasema anaogopa mashine. Ni kweli, anaiogopa, na ana sababu. Sikio la binadamu hufika kwenye sauti za hezi 20,000 hivi, yaani mitetemo 20,000 kwa sekunde. La mbwa huvuka hezi 40,000. Mota inayozunguka kwa kasi hutoa pia milio myembamba ambayo wewe hupati hata kidogo, kwa hiyo kinachomfikia si ule mvumo unaousikia wewe, tena kinamfikia kutoka kwenye kitu kinachosogea, kinachomfuata chumba kwa chumba ndani ya nyumba anayoijua kuwa yake. Halafu mfikirie alikotoka. Mbwa hujifunza kipi ni cha kawaida duniani hasa kati ya wiki ya tatu na wiki ya kumi na nne hivi ya maisha yake. Wiki hizo, na miaka minane iliyofuata, Popi alikuwa na mzee mmoja, kiti na redio. Kama hakuwahi kuishi na mashine yenye mota inayopita miguuni pake, alikutana nayo uzeeni, bila mtu wa kumtambulisha.

Lakini mashine haiwashwi usiku. Sasa kwa nini asipite koridoni usiku?

Rudi kwenye ile sentensi yako ya king'ora. Mlio mmoja mfupi, halafu kimya. Kwa kawaida hiyo si hitilafu. Ni betri inayokwisha, na kidude kinaomba ibadilishwe, kila baada ya nusu dakika au dakika, mchana na usiku. Nyinyi mmeshaacha kuusikia. Popi hajaacha. Mwaka 2021 watafiti wa chuo kikuu huko California, Marekani, waliwauliza watu 386 wenye mbwa juu ya sauti za nyumbani, kisha wakachunguza video 62 za mbwa wakiwa kwenye kelele za namna hiyo. Walikuta kwamba milio mifupi, myembamba na ya kushtukiza, kama huo wa betri ya king'ora, huelekea kuwatia mbwa hofu kuliko mvumo mzito unaoendelea, ule wa mashine ya kufyonza vumbi. Ukifikiri kidogo utaona kwa nini. Mvumo una mwanzo na mwisho, unaweza kuukimbia na kuusubiri upite. Mlio wa darini hauna pa kuusubiria. Mnyama anakaa amejikunja, anangoja ujao.

Sisemi kwamba nimepata jibu lote. Nasema tu kwamba huenda kwa wiki kadhaa mmekuwa mkiigombania mashine, na kumbe kitu kinachomnyima Popi usingizi kiko juu ya vichwa vyenu. Mwombe mwenzako apande ngazi leo, king'ora kiwekwe betri mpya (msikiondoe, kazi yake ni muhimu), kisha mtazame siku chache zijazo usiku unakwendaje.

Jambo la pili uliloliandika kwa kupita ni lile la kochi. Unadhani amenuna. Mimi nikisikia mbwa wa miaka tisa ambaye hapandi tena mahali alipozoea kupanda, nawaza viungo: nyonga, magoti, mgongo. Na maumivu yana uhusiano na kelele kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti mdogo, wa mbwa 20 tu waliokuwa na hofu ya sauti. Nusu yao walikuwa na maumivu ya misuli au viungo. Wale wenye maumivu walianza kuogopa wakiwa na umri mkubwa zaidi, na hofu yao ilitapakaa zaidi kwenda kwenye mazingira na hata kwa mbwa wengine. Wazo la watafiti lilikuwa kwamba mbwa akishtuka, mwili hukakamaa, sehemu inayouma inauma zaidi, naye anaunganisha ule mlio na yale maumivu. Kwa hiyo kabla ya kuamua lolote juu ya tabia yake, mfikishe kwa daktari wa wanyama, umweleze habari ya kochi na habari ya usiku, na umwombe amguse viungo vyote. Ikiwa Popi anaumwa, basi hata siku ile mtoto alipomvuta kwa mkanda, pengine alichovuta ni shingo na mgongo unaouma.

Sasa nikuombe kitu kigumu kidogo. Itafute ile video. Kaa peke yako, zima sauti kabisa, kwa sababu vicheko vilivyomo ndani yake vinakuongoza namna ya kuitazama. Mtazame Popi tu. Angalia masikio yamelala wapi. Angalia kama weupe wa jicho unaonekana pembeni anapogeuza kichwa huku macho yakibaki kwenye mashine. Angalia mkia umeshuka kiasi gani, na uzito wa mwili uko kwenye miguu ipi, ya mbele au ya nyuma. Ile miayo uliyoitaja, mbwa asiye na usingizi hupiga miayo akiwa na dhiki. Kule kulamba midomo bila chakula, vilevile. Na lile tabasamu, mwanangu, ni mdomo uliovutwa nyuma na misuli iliyokaza.

Sikuambii haya nikuongezee majuto. Katika utafiti ule wa California, wengi walioonekana kwenye video walikuwa wakicheka, na hawakuwa watu wabaya. Walikuwa hawajui wanachokiona. Kubweka na kurukia tunakusoma kama ushujaa au utani kwa sababu kuna purukushani. Kutetemeka ndiko tunakokujua kuwa woga. Lakini wapo mbwa ambao woga wao hutoka kwa kelele, na Popi siku ile ya kwanza alikuwa akisema kitu hichohicho anachokisema leo chini ya kitanda.

Tuje kwenye shauri la mume wako la kumfunga karibu na mashine. Nalielewa linakotoka, watu wengi wamelelewa na wazo kwamba hofu huisha ukiikabili. Na kuna uwezekano kwamba baada ya siku kadhaa za kufungwa, Popi atatulia kweli. Hapo ndipo ninapokuomba uwe mwangalifu, maana utulivu una aina zake. Mwaka 1967 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Martin Seligman na Steven Maier, walichapisha majaribio ambamo mbwa waliopigwa shoti za umeme bila njia yoyote ya kuziepuka walifika mahali wakaacha kujaribu. Baadaye waliwekwa kwenye sanduku ambalo wangeweza kulikimbia kwa kuruka kizuizi kifupi. Wengi wao hawakuruka. Walilala chini wakavumilia. Ni majaribio yanayoumiza kuyasoma, lakini yanatufundisha kwamba mnyama anaweza kunyamaza kwa kukata tamaa, na kwa mbali ukamwona kama aliyezoea. Hatari nyingine ya kamba ni kwamba inamwondolea njia ya kuondoka. Mbwa mwenye hofu akinyimwa njia ya kuondoka hubakiwa na meno, na mtoto wenu ni mmoja wa watu watakaokuwa karibu.

Kuna njia ndefu zaidi, na nitakueleza bila kukuficha ugumu wake. Ina zaidi ya miaka mia moja, na ilianzia kwa mtoto, si kwa mbwa. Mwaka 1924 Mary Cover Jones, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika habari za mtoto mdogo aitwaye Peter aliyekuwa akimwogopa sungura. Peter aliketishwa na chakula anachokipenda, sungura akawekwa kwenye kizimba upande wa pili wa chumba, mbali kiasi ambacho mtoto aliweza kuendelea kula. Siku baada ya siku kizimba kilisogezwa. Mwishowe Peter alimshika sungura kwa mkono wake mwenyewe.

Kwa Popi ingekuwa hivi. Mashine inatolewa kabatini, imezimwa, inawekwa sebuleni kwenye kona, na inabaki hapo tu. Popi akiitazama kutoka mlangoni, anapata kipande kidogo cha nyama. Akigeuka aondoke, mwache aondoke. Siku nyingine mtu anaisogeza hatua mbili bila kuiwasha, nyama inafuata. Baadaye sana inawashwa, lakini chumba cha mbali, milango imefungwa, sekunde chache. Mlio utangulie, nyama ifuate, kwa mpangilio huo. Ukitanguliza nyama, baada ya siku chache nyama ndiyo itakayomwambia kwamba balaa linakuja, naye ataikimbia hata nyama.

Kipimo chako ni mdomo wake. Popi anayekula taratibu, kwa midomo laini, yuko mahali pazuri. Akianza kunyakua kwa pupa, amekaribia ukingo. Akikataa kabisa kitu ambacho siku zote anakililia, mmemsogeza mno, mrudi nyuma bila kumkaripia wala kumsihi. Dakika tatu nne kwa siku zinatosha. Wengine hujaribu kuanza na sauti iliyorekodiwa kwenye simu, na si vibaya, ila spika ya simu haitoi ile milio ya juu kabisa wala mtetemo wa sakafu, kwa hiyo mbwa anaweza kuizoea simu na bado akaiogopa mashine yenyewe.

Ugumu wake ni kwamba katika wiki zote hizo, pengine miezi, asikutane na mashine kwa nguvu kamili hata siku moja, na nyumba yenu inahitaji kufyonzwa vumbi. Mchezo wa kuwaonyesha wageni unapaswa kukoma leo. Hapo sitapindisha maneno. Kwa ile kazi yenyewe, kuna jambo ambalo huenda likawasaidia nyote: mtoto mwenye pumu naye hafai kuwa chumbani wakati vumbi linafyonzwa, kwa sababu mashine hutimua sehemu ya vumbi kabla halijatulia. Basi wewe, mtoto na Popi mnaweza kutoka nje pamoja, baba akabaki na mashine, mkarudi hewa imetulia. Siku msizoweza kutoka, kitambaa chenye maji kinafuta vumbi bila sauti.

Mlango wa kabati nao una hadithi yake. Yule mwanasayansi Mrusi, Ivan Pavlov, alijulikana kwa mbwa waliodondosha mate kwa ishara tu ya chakula. Kwenu mlango wa kabati umekuwa ishara ya namna hiyo, ila ya hofu. Ufungueni mara nyingi bila kutoa chochote. Au hamisheni mashine ikae kwingine.

Daktari wa wanyama anaweza pia kuzungumzia dawa. Zipo zilizoidhinishwa mahsusi kwa hofu ya kelele kwa mbwa. Marekani, kwa mfano, iliidhinisha moja ya kupaka kwenye fizi mwaka 2016. Kwa mbwa ambaye hofu imeshatapakaa, dawa wakati mwingine ndiyo inayompa nafasi ya kujifunza. Muulize swali hili moja: dawa hii inapunguza hofu, au inalegeza mwili tu? Zipo za zamani zinazomlaza mbwa akaonekana ametulia huku ndani bado anaogopa. Na tafadhali, dawa za watu zilizomo ndani ya nyumba zisimkaribie.

Kuhusu kumkumbatia. Mume wako anasema unamlipa kwa woga wake. Hilo lingekuwa kweli kama woga ungekuwa kitendo, kama kuketi au kuleta mpira, kitu ambacho mbwa anakichagua kwa sababu kina faida. Hofu hachagui. Mtoto wako alipokuwa akihangaika kupumua kule hospitalini na baba yake akamshika mkono, hakuna aliyesema anamfundisha kuumwa. Mkono mtulivu ubavuni haumzidishii mbwa hofu. Ila umeniambia mwenyewe kwamba kumtoa Popi unaona kama kumzika baba mara ya pili, na najiuliza kama wakati mwingine unapomkumbatia Popi unakuwa unamlilia na baba. Hakuna ubaya. Lakini mbwa mwenye hofu akishikwa kwa nguvu na mtu anayelia, anaweza kuuona mkumbatio kuwa kamba nyingine. Kaa karibu. Akija, mguse taratibu, akiondoka, mwache. Akiwa chini ya kitanda, hapo ni pake, hakuna anayemfuata.

Sheria hiyo ya kitanda ni ya mtoto hasa, na itabidi isimamiwe na mtu mzima kila mara, kwa sababu miaka saba ni umri wa kusahau. Ule mngurumo uliomtisha mumeo, mimi nauona kama hisani. Popi alitoa taarifa, na akaishia kwenye taarifa. Mbwa anayeadhibiwa kwa kunguruma anaweza kujifunza kuacha kunguruma, na siku nyingine akaanza na meno. Hata hivyo hofu ya mume wako si ya kupuuzwa. Popi ameshafika hatua ya kutoa meno kwa mtoto. Mpaka mtakapojua kama anaumwa na mpaka usiku utulie, wawili hao wasiachwe peke yao chumbani, na pengine Popi atafutiwe maficho mengine, maana kujificha chini ya kitanda cha mtoto kunawakutanisha pale anapotaka kuwa peke yake.

Sasa kaka yako. Huenda nyumba yake ni kimya zaidi, na kumpeleka huko si lazima iwe kumtupa. Huenda pia ina blenda yake, watoto wake na king'ora chake, na Popi akaanza upya kwa mara ya pili katika miaka miwili akiwa mzee, na hofu isiyojulikana chanzo ikamfuata. Na kuna swali ambalo sikuliona kwenye barua, nalo ni zito: je, daktari wa mtoto anajua kwamba kuna mbwa ndani? Kuna watoto ambao pumu yao huchochewa na chembe za ngozi na mate ya mbwa, na kuna ambao hawana shida hiyo. Uliniambia miezi ya mwanzo na Popi haikuwa na tatizo, lakini hilo peke yake halithibitishi. Ulizeni. Jibu likiwa kwamba Popi ni sehemu ya tatizo la kifua cha mtoto, mazungumzo yenu yatakuwa mengine kabisa, na hakuna atakayekuwa ameshindwa. Likiwa siyo, mume wako atakuwa amepunguziwa mzigo mmoja.

Nimesema mzigo kwa makusudi. Unaandika kwamba humwelewi, kwamba alikuwa mtu wa huruma. Mimi katika barua yako nimemwona mtu aliyekesha siku mbili akihesabu pumzi za mwanawe, akatoka pale akanunua mashine na akapanda ngazi kufunga king'ora. Vitu vyote viwili vinavyomtisha Popi vimeingizwa na baba anayeogopa. Pengine kila unapomwambia aizime mashine, yeye anasikia unamwambia aache kumlinda mtoto. Na kila anapomcheka Popi, wewe unasikia anamcheka marehemu. Mmewahi kuambiana hivyo, kwa maneno? Ningejaribu jioni moja mtoto akiwa amelala, bila kuanza na video wala kamba. Anza na zile siku mbili za hospitali, umuulize zilikuwaje kwake. Anaweza asikujibu siku hiyo. Anaweza pia kubaki na msimamo kwamba Popi aondoke, na bado akawa mume mwema.

Mwisho ni redio ya baba. Hukuniambia kama mnaiwasha. Sauti za watu wakizungumza, kwa kiwango cha chini, hufunika kidogo milio ya mbali, na kwa Popi sauti hiyo ni ya jioni nzuri. Iweke karibu na maficho yake mapya. Ila iwasheni jioni za kawaida, mkiwa mmekaa tu, mara nyingi kuliko siku za mashine. Ikiwashwa siku za mashine peke yake, itageuka kuwa mlango mwingine wa kabati.

Uniandikie tena ukishajua daktari amesema nini kuhusu viungo vyake, na usiku umekuwaje baada ya betri.

Shangazi